Bunduki ya Guka na Ukuta wa Airbnb

Binamu yangu ana nyumba ndogo ya wageni kule Kabazi. Kuta za mawe, mabati mekundu, meko ya kuni, na watu wa Nairobi wanaokuja wikendi kupiga picha za ukungu wa Subukia. Mwezi uliopita alinipigia simu: "Wewe si ndiye mwandishi? Njoo uniandikie maneno ya ile bunduki ya Guka. Nataka kuitundika juu ya meko. Wageni wataipenda sana."

Mimi huhakiki vitabu, si bunduki. Lakini nilienda, kwanza kwa sababu nauli alilipa yeye, na pili kwa sababu nimeitamani hiyo bunduki tangu nikiwa mdogo. Niseme ukweli huo mapema.

Guka ana miaka 88. Cheti cha bunduki ni chake, na funguo za kabati la chuma anazilalia. Aliitoa mwenyewe, akaikunja, akatuonyesha vyumba vya risasi ni vitupu, ndipo akanikabidhi.

Ni shotigani, bunduki ya marisau ya namba 12, Greener kutoka Birmingham, mitutu miwili ubavu kwa ubavu. Haikutengenezwa kwa ajili ya kuwinda kanga. Ni ya mchezo wa shabaha, na mwili wake unasema hivyo: mitutu mirefu ya inchi 30, uzito wa kutosha kumeza teke, midomo iliyobanwa ili marisau yasitawanyike mapema. Haina kizuizi cha usalama. Bunduki nyingi za mchezo huu zilitengenezwa hivyo makusudi, maana mlengaji anayelipia kila risasi hataki kugundua amesahau kusukuma kitu wakati ndege ameshapaa.

Nilikuwa nimepewa darasa na fundi mmoja wa mjini Nakuru. Elekeza mitutu kwenye mwanga uchungulie ndani: kutu huacha vishimo kama uso wenye ndui. Vishimo vipo, vichache, karibu na mdomo. Ning'iniza mitutu uigonge kwa ukucha: ikilia kama kengele, imeshikana vizuri, ikitoa sauti ya sufuria iliyopasuka, solda imeachia. Ililia. Shika kitako utikise uone kama bawaba imelegea. Imelegea kidogo tu. Tazama vichwa vya skrubu: vikiwa vimechunwa, kuna mtu alifungua bila kujua anachofanya. Hivi ni vizima. Kitako cha mjozi kimepauka mahali shavu linapolala, na nakshi za majani kwenye chuma zimefifia pale vidole vinaposhika.

Binamu alitaka tuipeleke ing'arishwe kwanza. Hapo fundi alikuwa amenionya: wakusanyaji wa bunduki kuukuu huchukia kitu kilichong'arishwa upya. Rangi ya asili iliyochakaa kwa haki ina bei kuliko rangi mpya. Ukisugua, umefuta ushahidi.

Na ushahidi una bei kweli. Mwaka 1909 kampuni ya Fox ya Philadelphia ilimtengenezea Theodore Roosevelt shotigani ya kuja nayo kwenye safari yake ya Afrika Mashariki, safari iliyopita hapa hapa Bonde la Ufa, hadi Naivasha. Mwaka 2010 bunduki hiyo ilipigwa mnada Marekani kwa dola 862,500. Ukiondoa jina la mwenyewe na safari yake, hakuna mtu angelipa hata robo ya hizo pesa. Watu walinunua hadithi, chuma kikaja nayo.

Sasa, hadithi ya Greener ya Kabazi ni ipi? Binamu alikuwa ameshaandika yake: "Enzi za walowezi, jioni za mvinyo na michezo ya kiungwana." Nilimuuliza Guka kama ndivyo ilivyokuwa. Akanyoosha mkono wa kushoto. Kidole cha shahada kinaishia kwenye kiungo cha pili. Maisha yangu yote nilidhani ni panga.

Mchezo huu ulianza Uingereza kwa njiwa hai waliofungiwa kwenye mitego, kisha wakaachiliwa wapigwe. Sheria ya 1921 ikapiga marufuku jambo hilo kule, lakini tayari tangu 1880 Mmarekani George Ligowsky alikuwa amebuni visahani vya udongo vya kurushwa badala ya ndege. Siku hizi hutengenezwa kwa lami na chokaa, lakini jina la udongo limebaki. Na kisahani hakijirushi. Kuna mashine yenye springi na mkono wa chuma, na zamani ilifichwa shimoni mbele ya walengaji. Ndani ya shimo alikaa mtu wa kuweka kisahani, kuvuta springi, na kuondoa mkono haraka. Shambani kwa mzungu wa Guka, mtu huyo alikuwa Guka. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Jumapili moja hakuondoa haraka.

Miaka michache baadaye, Oktoba 1952, Hali ya Hatari ikatangazwa, na familia yake ikasombwa kwa lori kutoka Bonde la Ufa kama Wakikuyu wengine wengi wa mashambani. Kwa Mwafrika, kushika bunduki kukawa kitanzi: Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 kwa kosa la kupatikana na bastola na risasi. Chuma kile kile. Kwa mmoja ni burudani ya Jumapili, kwa mwingine ni kamba shingoni.

Basi nikaandika maneno yangu kwa hasira: bunduki ya shabaha, Birmingham, hali nzuri, visahani vilirushwa na mtoto, kidole chake kilibaki shimoni. Binamu akasoma akakuna kichwa. "Maze, hii itaharibia watu wikendi. Na mimi nina mkopo."

Nikamsomea Guka, nikitarajia aniunge mkono. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Mjukuu, umesahau kitu. Mzungu alipouza shamba baada ya Uhuru, nilimlipa mshahara wa miezi miwili kwa hii bunduki, kwa njia halali. Nikamweka ndugu yangu shimoni, na fimbo ndefu ya kuwekea visahani, si mkono. Visahani vilivyobaki vilikuwa ishirini na tano. Nilipiga kumi na tisa." Akacheka. "Mimi nilijua kila kisahani kitapitia wapi. Nilikuwa nimevitazama kutoka chini."

Hapo ndipo niligundua uhakiki wangu ulikuwa na kasoro sawa na wa binamu. Yeye alimfuta Guka. Mimi nilimbakisha shimoni. Ile sehemu iliyopauka kwenye mjozi ni shavu la nani? La mzungu kwa miaka kadhaa, la Guka kwa miaka karibu sitini, akifukuza nguruwe mwitu kwenye mahindi. Ningeisugua, ningelifuta shavu lake pia.

Hukumu yangu basi: ni bunduki nzuri, na uzuri wake haumsafishi mtu yeyote. Lakini haifai ukutani. Sheria ya Silaha inataka ifungiwe, na cheti hakirithiwi kama shamba. Guka ameshasema akiondoka ipelekwe polisi, na anajua huenda ikaishia motoni, kama silaha zaidi ya 5,000 zilizochomwa Ngong mwaka 2016.

Kwenye banda la kuku tulikuta mkono wa ile mashine, kutu tupu, hauna bei popote. Binamu ameutundika juu ya meko. Chini yake ameandika, kwa maneno ya Guka mwenyewe: "Kumi na tisa kati ya ishirini na tano." Wageni huuliza. Guka akiwa na nguvu, huwajibu.