Pedi Nene Zimeiharibu V6

Video mmeiona, sina haja ya kuisimulia yote. Hedifoni ya Sony MDR-V6 ya mtumba, pedi zimebanduka vipande vyeusi vya kuganda mashavuni, waya wa kujikunja umekatika karibu na jeki. Fundi anaipokea, anaifungua, na sehemu kubwa ya kazi yake sina la kuikosoa: kalehemu safi, kapima chanya na hasi asigeuze upande mmoja, kasafisha jeki, na karatasi nyembamba za nyuma ya spika kaziacha zilivyo. Kisha dakika za mwisho anatoa pedi mpya mfukoni. Ni pedi nene, za sponji ile inayobonyea polepole, unene wake ukikaribia mara mbili ya zile alizozitoa. Anazivalisha, anaweka wimbo, anatikisa kichwa, anatutangazia kwamba besi imerudi.

Haijarudi. Alichokisikia ni kitu kingine, na maoni yaliyomiminika kumpongeza yanaonyesha kuwa wengi wetu tumekisikia hivyohivyo.

Tuanze na nyumba yenyewe. Hedifoni iliyofungwa nyuma ina vyumba viwili vya hewa, kimoja nyuma ya spika ndani ya kikombe, kingine mbele yake, kati ya spika na sikio lako. Kuta za chumba cha mbele ni pedi. Basi pedi si mto wa starehe tu uliobandikwa baada ya wahandisi kumaliza kazi. Pedi ndiyo inayoamua chumba cha mbele kina ujazo gani, sikio liko mbali kiasi gani na spika, na hewa inavuja wapi. Hakuna mpiga ngoma anayebadilisha kina cha mzinga kisha akadai ngoma ni ileile kwa sababu ngozi hajaigusa.

Sasa hiyo besi. Kwenye masafa ya chini, chumba kidogo kilichozibwa vizuri kinafanya kazi kwa shinikizo: kiwambo kikisogea, hewa inabanwa, ngoma ya sikio inasukumwa. Nguvu ya shinikizo hilo inategemea kiwambo kimesogea kiasi gani na chumba kina ujazo gani. Ukiongeza ujazo mara mbili, shinikizo linashuka hadi nusu, yaani desibeli 6 zimekwenda. Hiyo ni hesabu ya kitabuni, na kichwa halisi chenye nywele na miwani kinaichafua kidogo, lakini mwelekeo haubadiliki. Pedi nene peke yake haiongezi besi. Ikiwa kila kingine kiko sawa, inaipunguza.

Mbona basi fundi kasikia besi? Kwa sababu kalinganisha na maiti. Pedi alizozitoa zilikuwa zimepasuka, na pedi iliyopasuka inavuja. Uvujaji mdogo tu kando ya taya unatosha kuimaliza besi ya chini kabisa, ile ya hezi 30 na 40, kabla ya kugusa kitu kingine. Akivalisha pedi yoyote nzima, hata ya bei ya chini, besi ingejitokeza. Kilichofanya kazi pale ni kuziba, na unene umejichukulia sifa isiyo yake. Jaribio la haki lilikuwa jepesi: pedi mpya nyembamba zenye vipimo vya asili, kisha zile nene, wimbo mmoja, sauti ileile. Hakulifanya. Kwa fundi anayejua kupima chanya na hasi, huo si ukosefu wa ujuzi, ni haraka.

Na bado sijafika kwenye dhambi kubwa. Dhambi kubwa iko kwenye sauti za kati. Sikio likisogezwa mbali na spika, na chumba kikiwa kipana zaidi, miinuko na mabonde ya sauti yanahama. Eneo la hezi 1,000 hadi 4,000, ambako herufi za mwimbaji zinasomeka na tarumbeta inapata makali yake, ndilo linaloumia. Mwimbaji anarudi nyuma hatua mbili. Watu wanakiita kitu hicho "nafasi", wanasema jukwaa limepanuka. Mimi naona mtu kaondolewa mbele ya maikrofoni kasimamishwa mlangoni.

Hili si la kubuni kwangu. Waulizeni wapima masikio. Katika upimaji wa usikivu, spika ya TDH-39 ilipowekewa kiwango, haikuwekewa peke yake. Iliandikwa pamoja na mto wake wa MX-41/AR, viwili kwa jina moja. Ukibadilisha mto, kipimo si halali tena. Beyerdynamic DT 48, iliyotoka kwa Eugen Beyer kule Berlin mwaka 1937, nayo ilikuwa na maisha marefu katika kazi hiyohiyo ya kupimia masikio, mbali na redio na studio. Mbele ya daktari hakuna anayesema pedi ni pambo.

John Koss wa Milwaukee alilijua hilo pia. Mwaka 1958 alipotoa SP/3 alikuwa anauza wazo jipya kabisa, kwamba mtu asikilize muziki wa stirio masikioni kwa raha yake, si kwa kazi ya simu au jeshi. Ilipofika Pro4AA mwaka 1970, mito yake ilijazwa majimaji ili ifuate umbo la kichwa, iingie nyuma ya taya, izibe. Ni nzito, inabana, ukiivaa kwa santuri nzima unatoka na alama, na kwa omu 250 inataka amplifaya ya kweli, si simu. Lakini mtu yule alitumia akili na fedha kwenye kuziba hewa. Leo tunatumia akili kwenye programu ya simu inayobadilisha rangi ya taa.

V6 yenyewe ilikuja mwaka 1985, spika za milimita 40, omu 63, desibeli 106 kwa miliwati moja, kwa hiyo inaimba vizuri hata kwenye redio ndogo ya kaseti. Mwaka 1991 Sony wakaleta MDR-7506, ndugu yake wa tumbo moja mwenye mstari wa buluu, na huyo ndiye mnayemwona mpaka leo vichwani mwa watu wa sauti kwenye seti za filamu na vyumba vya redio. Pedi zake ni nyembamba, sikio linakaribia kugusa kitambaa cha spika, na waliozibuni walipanga kila kitu kwa umbali huo. Sauti ya juu ni kali. Sitaipamba: kwenye "s" na "sh" inaweza kuchoma, na kwa kikao kirefu inachosha. Lakini ukali huo una kazi. Mrekodi anataka asikie pumzi, kidole kinachoteleza kwenye waya, mlango uliofungwa vibaya chumba cha pili. V6 ni karani wa makosa. Ukimvalisha pedi nene unamlevya karani.

Nani anauliza sasa "kwani besi ni dhambi?" Si dhambi. Mtaniletea utafiti wa Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman, ule wa kuanzia miaka ya 2012 na 2013, kwamba wasikilizaji wengi wanapenda hedifoni inayosikika kama spika nzuri ndani ya chumba kizuri, na besi ikiinuliwa kiasi. Naukubali, na unanisaidia mimi. Ukitaka besi iinuke, ikwalaiza ipo kwenye simu nyingi. Pandisha chini ya hezi 100 kwa desibeli 3 au 4, sauti za kati hazijaguswa, na ukichoka unazima. Pedi nene haizimwi. Inachukua kote: ukidhani unapata chini kidogo, inakudai mwimbaji mzima.

Shida yetu ni kwamba tumefundishwa kupima hedifoni kwa besi na kwa bei. Niliwahi kuandika hivi wakati jeki ya milimita 3.5 ilipoondolewa kwenye iPhone 7, Septemba 2016, na Phil Schiller wa Apple akasimama jukwaani akauita uamuzi huo ujasiri. Tundu lenye asili ya swichibodi za simu za karne ya 19, linalopokea kifaa cha zamani na cha jana bila kuuliza nenosiri, likazibwa. Tangu siku ile kijana anayetaka kusikia hedifoni ya zamani lazima kwanza atafute adapta, na wengi hawatafuti. Ndiyo maana video kama hii ina uzito. Kwa watazamaji wengi, hii ndiyo V6 ya kwanza kuisikia ikisifiwa, na wameonyeshwa V6 ambayo haipo.

Jaribio langu la kawaida ni muziki wa nyumbani. Chukua rekodi yoyote ya Mlimani Park Orchestra, Sikinde, bendi iliyoanza mwaka 1978, katika zile zilizofanywa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Waya wa chini kabisa wa gitaa la besi unapiga hezi 41, lakini uhai wa nyimbo zile uko juu yake: solo na ridhimu zinajibizana, waimbaji wanapokezana, halafu pembe zinaingia kama watu waliokuwa wanangoja mlangoni. Ukivaa hedifoni ya zamani iliyofungwa, yenye pedi sahihi, unaweza kuchagua gitaa moja ukalifuata hadi mwisho bila kulipoteza. Vaa pedi nene: magitaa mawili yanakuwa uji, pembe zinaingia zikiwa zimefunikwa blanketi. Warekodi wale waliweka mizani kwa masikio na maikrofoni chache. Hawakuwa na nafasi ya kurekebisha kesho. Kazi yao inastahili kifaa kisichoongeza maneno.

Nenda nyuma zaidi, kwa Siti binti Saad aliyerekodi Bombay mwaka 1928. Santuri za enzi ile karibu hazina besi ya chini wala sauti ya juu kabisa. Kilichobaki ni sehemu ya kati, sauti ya bibi yule na ala zinazomzunguka. Ukiipunguza sehemu hiyo umebaki na mchakacho wa santuri. Hapa ndipo hedifoni ya kizazi cha V6 inapomshinda kila mrithi wa leo ninayemjua mwenye besi ya kupima kwa ndoo.

Nampa fundi haki yake kwenye starehe. Pedi za asili zinatoa jasho, hasa kwa joto la Dar, na mwenye sikio kubwa anabanwa. Wapo waliovalisha V6 pedi za velveti za Beyerdynamic DT 250, mazoea ya siku nyingi kwa wapenzi wa kifaa hiki, na kwa starehe wako sahihi. Lakini kitambaa kinachopumua kinavuja, besi ya chini inaondoka, na walio waungwana wanasema hivyo waziwazi wanapokuonyesha. Fundi wetu angesema, "Nimebadilisha sauti kwa ajili ya starehe," nisingeandika neno. Kasema kaifufua.

Kwa hiyo, ndugu fundi, kazi yako ya kulehemu ni ya mtu anayejua. Rudi kwenye kifaa kile, vua pedi hizo, mpe mwenye sikio kubwa anayezitaka. Tafuta pedi za MDR-7506: zinaingia kwenye V6 bila kukata wala gundi, kwa kuzungusha ngozi kwenye mfereji wa kikombe. Hakikisha hakuna mkunjo chini ya sikio, kwa maana hapo ndipo besi hutorokea. Kisha rekodi video nyingine, upige wimbo uleule.