Kuongeza Kasi au Kupitiliza Mapigo?

Miongoni mwa dhana za ufundi wa kompyuta ambazo vijana wetu huzishughulikia bila kuwa na jina la Kiswahili lililotulia ni ile waiitayo "kuovakloki". Dhana yenyewe si ngumu. Mwenye kompyuta ya mpakato ataka michezo yake iende kwa wepesi na picha zisikwame. Basi hutumia programu maalumu kuiamuru chipu ya michoro ifanye kazi kwa mapigo mengi kwa sekunde kuliko yale iliyopangiwa kiwandani. Ugumu uko katika jina, na jina limjialo mtafsiri kwanza, yaani "kuongeza kasi", ndilo nionalo kuwa lafaa kupingwa.

Hilo la kutohoa tusikawie nalo. Sina ugomvi na utohozi. "Chipu" na "programu" ni maneno yetu sasa. Lakini "ova" katika Kiswahili haibebi maana ya kupita kiasi. Fundi avaaye ovaroli hafikirii kwamba amevuka mpaka wowote. Neno hili, basi, likitoholewa huacha nje ile sehemu iliyo muhimu kuliko zote.

Tafsiri ya neno kwa neno ni mbaya zaidi. Kuna watakaosema "kuzidisha saa", kwa kuwa kifaa kipangacho mwendo wa chipu huitwa saa katika Kiingereza. Kwetu sisi saa ni chombo cha kuonyesha wakati, au ni sehemu ya siku, na msomaji akikuta chipu "iliyozidishiwa saa" ataelewa kwamba imefanyishwa kazi ya ziada baada ya wenzake kwenda nyumbani. Saa hiyo ya chipu haisomi wakati. Chanzo chake ni fuwele ndogo inayotetemeka kwa mpango usiobadilika, na kila tetemo ni ishara ya kupiga hatua. Hayo ni mapigo, kama ya moyo au ya ngoma, na Kiswahili kimekuwa na neno hilo tangu zamani.

Turudi kwa "kuongeza kasi". Kasoro yake ya kwanza ni upana. Anayeongeza kumbukumbu ya kompyuta huongeza kasi, na anayefuta programu zisizotumika vilevile. Kasoro ya pili ndiyo yenye madhara: neno hili lataja faida na kuficha gharama. Nguvu ya umeme inayotumiwa na chipu hupanda sambamba na mapigo, na hupanda pia kwa kipeo cha pili cha volti. Mtu akiongeza mapigo kwa asilimia 10, kisha akalazimika kuongeza volti kwa asilimia 5 ili chipu isitetereke, nguvu itumikayo hupanda kwa asilimia 21 hivi, na yote hatimaye hugeuka joto. Kompyuta kubwa ya mezani ina nafasi ya feni pana. Ile ya mpakato (na jina lenyewe latukumbusha inapokaa) ina feni nyembamba na mfereji mmoja wa joto, ambao mara nyingi chipu mbili hushirikiana. Joto likizidi, chipu hujikaba: hupunguza mapigo yake yenyewe, na huenda mchezo ukawa mzito kuliko mwanzo. "Kasi" iliyoahidiwa na neno haipo tena.

Ushahidi wa jambo hili tuliupata mwaka 2015. Chipu ya GeForce GTX 980M ya kampuni ya Nvidia, kwa mfano, ilipangiwa megahezi 1,038 kama mapigo yake ya msingi. Watumiaji wa kompyuta za mpakato zenye chipu za mfululizo huo walikuta kwamba programu mpya za kuiendesha chipu zimewazuia kuyapandisha. Februari mwaka huo kampuni ilieleza kwamba uwezo huo ulikuwa umeingia katika programu zake kwa makosa, na kwamba kompyuta hizo hazikusanifiwa kwa jambo hilo. Wanunuzi walipiga kelele, na katika mwezi uleule kampuni ikaahidi kuurudisha. Sasa mwandishi wa habari na aeleze mgogoro huo kwa "kuongeza kasi". Msomaji atauliza kwa haki: kampuni gani hukataza bidhaa yake isiwe nyepesi? Mgogoro ulihusu mpaka, na nani mwenye haki ya kuuvuka, mnunuzi au msanifu. Neno lisilotaja mpaka haliwezi kuusimulia.

Kwa hiyo napendekeza "kupitiliza mapigo", na nomino yake "upitilizaji wa mapigo". Apitilizaye amepita pale alipopaswa kukoma. Huenda akafika salama, huenda asifike. Wapo watakaopenda "kuzidisha mapigo" kwa kuwa ni jepesi mdomoni. Ningekubali, lau kuzidisha kusingekuwa tayari na kazi humo humo ndani ya mashine: mapigo ya fuwele ni machache mno, na chipu huyazidisha, kwa maana ileile ya hesabu, ili kuyafikisha kwenye mamia ya megahezi. Chipu yoyote huzidisha mapigo, hata ile ambayo mwenyewe hajaigusa.

Kinyume chake, "kupunguza mapigo", hakina utata. "Kukaba" nalo nimelitumia hapo juu bila kuliombea ruhusa, na mafundi wa injini wanaweza kuwa na lililo bora.