Tangi Wazi, Sponji kwa Kufuli

Niseme mapema. Katika printa za tangi tunazonunua Kasongo na Kabambare, hapa Maniema nchini Congo, ziwe zimepitia Bukavu, Kindu au Kalemie, kosa kubwa kuliko yote haliko kwenye bei, kasi wala rangi. Ni uamuzi wa Epson wa kuificha sponji ya wino taka ndani ya printa zake za bei ya chini, kuiwekea kaunta, kisha kumnyima mwenye printa njia ya kudumu ya kuirudisha kaunta hiyo kwenye sifuri. Mengine yote yanaweza kujadiliwa. Hili halina utetezi.

Mgala muue na haki umpe, kwa hiyo sifa zake nazimaliza hapa hapa. Printa zake za bei ya chini, L3110 na L3150, hula wati 12 hadi 14 zikifanya kazi, kiasi ambacho paneli moja na betri yake hukimudu. Chupa nyeusi ya wino wake wa 103 yenye mililita 65 inahesabiwa kurasa 4,500, na chupa tatu za rangi kwa pamoja kurasa 7,500. Kichwa chake husukuma wino kwa mtikisiko badala ya joto, hivyo hakichakai upesi. Kazi nzuri. Sasa turudi kwenye sponji.

Wenye sekretaria, yaani vibanda vya kuchapa na kufotokopi, hawahitaji kuelezwa taa zinavyokuwa: ya wino na ya karatasi zinapepesa kwa kupokezana, matangi bado yamejaa, karatasi ipo, na printa haitoi hata fotokopi moja. Mwanafunzi amesimama mlangoni na TFC yake, kazi ya kumalizia masomo, kwenye flash, mwalimu anasubiri maswali ya mtihani, na mashine nzima kabisa imegoma. Haijavunjika wala kuungua. Imefika tu kwenye namba ambayo kiwanda kiliamua kuwa ndiyo mwisho.

Namba hiyo inatoka wapi? Printa yoyote ya wino lazima isafishe kichwa chake. Pampu ndogo hufyonza wino kupitia matundu, wino huo hupita kwenye mpira na kuishia katika sponji iliyo ndani ya mwili wa mashine. Mpaka hapo hakuna ubaya, kwani taka lazima ziende mahali. Ubaya ni kwamba hakuna kitu kinachoigusa sponji kujua kama imelowa. Programu huhesabu tu: usafishaji mdogo kiasi hiki, usafishaji mkubwa kiasi kile, picha isiyo na kingo nyeupe kiasi kingine. Hesabu ikifika juu, printa inafunga. Sponji inaweza kuwa bado na nafasi, hasa katika hewa kavu ya kiangazi ambapo sehemu ya wino hukauka yenyewe. Kaunta haijui kiangazi wala masika, inajua kujumlisha tu.

Sasa iweke hesabu hiyo katika mazingira yetu. Aliyeiandika alifikiria ofisi yenye umeme usiokatika, ambako mtu huzima printa kwa kitufe chake, kichwa kikarudi nyumbani na kufunikwa kwa kifuniko cha mpira. Huku kwetu jenereta huishiwa mafuta katikati ya ukurasa. Kichwa kinabaki wazi, wino unakauka kwenye matundu, na umeme ukirudi mashine inaanza kujisafisha kabla hujaiomba. Kisha inatoka kopi yenye mistari, unaamuru usafishaji mwingine, halafu wa tatu. Kila mara kaunta inapanda bila karatasi hata moja ya mteja kutoka. Sekretaria ya Kabambare inaweza kuijaza kaunta kwa kurasa chache mno kuliko ofisi ya Brussels yenye mashine ileile. Kwa maneno mengine, adhabu inampata zaidi yule ambaye printa hii ilitangazwa kuwa rafiki yake: mtu wa umeme haba na pesa haba.

Epson wana jibu lao, na nalitaja ili nisionekane mwonevu. Wanasema sponji ikifurika, wino utamwagika mezani na kuhatarisha nyaya za umeme. Kweli. Lakini tazama dawa waliyochagua. Kaunta imefungwa, fundi aliyeidhinishwa yuko mbali, na programu rasmi ya mafundi haikutengenezwa kwa ajili yako. Basi soko limejaza pengo. Kuna programu za riseti zinazouza ufunguo mtandaoni, zinazodai kadi ya benki ambayo wengi wetu hatuna, na kuna nakala za wizi za programu ya mafundi zinazotembea kwenye flash, mara nyingi na virusi ndani. Kijana wa sokoni anabonyeza, kaunta inarudi sifuri, printa inaamka, mteja analipa na kuondoka. Na sponji? Hakuna aliyeigusa. Baada ya riseti mbili tatu za namna hiyo, wino unaanza kuchuruzika chini ya mashine, yaani ajali ileile ambayo kufuli liliwekwa kuizuia. Ulinzi unaomlazimisha mtu kuuvunja ili apate mkate wake haulindi chochote. Ni sawa na fundi akujengee nyumba, kisha aondoke na ufunguo wa choo na kukuamuru uhame siku kitakapojaa.

Na wasituambie haikuwezekana kufanya vingine. Hapa ndipo hasira yangu inapopata mguu wa kusimamia. Epson haohao, katika L6160, L6170 na L6190, waliweka boksi la wino taka linalochomolewa kwa mkono. Likijaa unanunua lingine, unalisukuma mahali pake, na kazi inaendelea. Boksi lina chipu yake, kaunta inaanza upya yenyewe, hakuna fundi wala virusi. Ujuzi walikuwa nao na kipuri walikuwa nacho. Waliamua tu kwamba anayenunua mashine ya bei ya juu anastahili boksi, na anayenunua ya bei ya chini anastahili kufuli. Huo hauwezi kuitwa uamuzi wa fundi. Ni wa muuzaji, na ameufanya akijua vizuri ni nani atakayeumia.

Ufaransa walishalitia hili mdomoni mwa sheria. Septemba 2017 chama cha HOP, kinachopinga bidhaa zinazoundwa ili zife mapema, kilipeleka malalamiko dhidi ya watengenezaji wa printa, Epson wakitajwa mbele ya wenzao, na sponji ilikuwa moja ya hoja: mashine inadai sponji imekwisha kabla haijaisha. Kabla mwaka haujamalizika, mwendesha mashtaka wa Nanterre alikuwa amefungua uchunguzi. Sisi tunasoma maelekezo ya mashine zetu kwa Kifaransa kilekile, ila hatuna chama cha kutuandikia malalamiko. Tuna safu hii.

Wasomaji wa siku nyingi watasema naanza tena wimbo wangu wa makufuli. Ndiyo, na ninao ushahidi. Printa ya tangi haikuzaliwa kwa huruma ya kampuni. Kabla ya 2010, mafundi wa mitaani Asia walikuwa wakitoboa katriji, wakipitisha mirija, na kuweka chupa za wino pembeni ya printa za kawaida, kwa sababu katriji moja ya kiwandani ilikuwa inakula faida ya wiki. Epson waliona biashara ya wino ikiwaponyoka, wakaanza Indonesia mwaka 2010 na L100 na L200, matangi yakiwa yamebandikwa ubavuni kama ya mafundi wale. Ulaya walisubiri hadi 2014, Marekani hadi 2015. Na hata katika zawadi hiyo ya kwanza kulikuwa na kufuli: kila chupa ilikuwa na namba iliyofichwa ambayo ulipaswa kuiandika kwenye kompyuta ndipo printa ikubali kwamba umejaza wino. Matoleo ya baadaye yaliiacha namba hiyo. Je, kuna aliyeungua? Kuna meza iliyolipuka? Kufuli liliondoka na mashine zikaendelea kuuzwa. La sponji nalo lingeweza kwenda njia hiyohiyo.

Canon hawakuwa malaika. G2000 ya kwanza na G2010 iliyoifuata zilikuwa na dhambi ileile, na yeyote aliyewahi kukutana na kosa 5B00 anajua ninachosema. Tofauti ni kwamba Canon walitubu kwenye mashine ndogo. Ilipokuja G2020 na ndugu yake G3020, walizipa katriji ya matengenezo inayoitwa MC-G02, ambayo mwenye printa anaibadilisha mwenyewe. Si kwa tajiri peke yake, ni kwenye printa ya nyumbani kabisa. Vichwa vyao vinachemsha wino na huchakaa mapema kuliko vya Epson, nakubali, lakini navyo unavichomoa na kuweka vingine kama unavyobadilisha betri ya redio. Kichwa cha Epson kikiziba sawasawa, unaanza kutafuta nauli ya Bukavu.

Kuna jambo la pili ambalo Canon walipiga kwa usahihi, nalo kwa barabara zetu ni kubwa. Wino mweusi wa mfululizo huu wa G ni wa chembechembe, unakaa juu ya karatasi na kuvumilia maji. Mweusi wa chupa ya 103 ni wa rangi iliyoyeyushwa. Ubebe waraka uliochapwa kwa huo kwenye pikipiki kutoka Kabambare hadi Kasongo wakati wa masika, na ukifika utakuta jina la mwenye kiwanja limekuwa wingu la buluu. Tuliona kitu cha jamii hiyo na kadi za mpiga kura za 2023, zilizofutika mifukoni mwa watu mpaka tume ya uchaguzi, CENI, ikalazimika kutoa nakala mpya kabla ya Desemba. Teknolojia yake ilikuwa nyingine, lakini kosa la fikra ni moja: kuchagua namna ya kuchapa bila kuuliza waraka utaishi wapi na kwa muda gani.

HP nao, tangu GT 5810 ya 2016, wana mweusi wa chembechembe na vichwa vinavyobadilishika, ila siku hizi wanakuvuta mno kwenye programu yao kabla hata karatasi ya kwanza haijatoka. Brother wapo, ni imara, na sponji yao nayo iko ndani. Basi.

Vijana wananiambia zama zimebadilika, niache kulia. Nawauliza: mmewahi kufanya kazi na LX-300 ya Epson? Sindano tisa, utepe mmoja, kelele za kuamsha mtaa, na hakuna kaunta ya kukuambia leo mwisho. Utepe ulipofifia uliona kwa macho yako, na karatasi ilififia nao kwa adabu. LaserJet P1102 ilikuwa mlafi, wati 360 hivi ikichapa, na inveta ndogo zililia, lakini unga wa tona ulijazwa na kijana mwenye faneli na bisibisi. Na kabla ya zote hizo kulikuwa na ronéo ya parokia na ya shule, stensili na mkono wa kuzungusha, bila umeme hata kidogo. Mitihani ya darasa zima ilitoka humo. Wino ulipochafua, ulifuta kwa kitambaa. Mashine hizo zote zilikuwa na kasoro zinazoonekana na kutibiwa na aliyezishika. Printa ya tangi ya leo ni nafuu kuliko zote kwa ukurasa, na bado kifo chake kimeandikwa mahali ambapo mwenyewe haruhusiwi kufika.

Hukumu yangu kwa wenye sekretaria ni hii. Ukipata G2020 au G3020, chukua, na ununue MC-G02 moja ya akiba siku hiyohiyo, kwa sababu kipuri kilichoko Bukavu hakikusaidii Jumatatu ya mitihani. Ukiwa na pesa ya L6170, hiyo nayo ni mashine ya mtu mzima. Ukiwa tayari na L3110 au L3150, usiitupe: izime kwa kitufe chake kila mara, iwekee betri ndogo ya kuivusha jenereta inapokatika, usiamuru usafishaji kwa mazoea, na siku ya riseti mlazimishe kijana abadilishe sponji au aioshe na kuikausha kabla hujamlipa. Na ukiwa dukani, kabla ya kuuliza bei, kasi au idadi ya kurasa, muulize muuzaji swali moja: wino taka wa mashine hii unaenda wapi, na nani anaruhusiwa kuutoa? Akijibu "fundi wa kampuni", funga pochi, uende duka la pili.