Bado Kidogo, Mwanangu

Bibi hakati mchaichai kabla umande haujakauka. Nilifika kwake Matombo asubuhi na mapema, nikamkuta barazani akinoa kisu kwenye jiwe. Akaitikia shikamoo yangu, akaniambia nikae. Majani yakivunwa na maji yake, alisema, huvunda kabla hayajakauka.

Mashina yake yamepandwa safu moja, yakikingama mteremko juu ya migomba, ili mvua za upande huu wa mashariki wa milima ya Uluguru zisiondoke na udongo. Ni hapahapa Matombo ambapo mwaka 1955 watu waliukataa mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi milimani. Safu hii hakuna aliyemwamuru kuipanda.

Jani la mchaichai lina makali. Ukilivuta ovyo linakuchana. Bibi hupitisha kiganja kutoka chini kwenda juu, kama jani linavyoota, akakusanya fungu na kulibana kama mtu anayebana nywele za mtoto kabla ya kusuka. Kisha anakata, vidole vinne juu ya ardhi. Chini ya hapo hagusi, maana ndiko yanakotokea machipukizi. Akichukua kidogo kwenye shina hili, anahamia lile. Alipita mashina saba kupata fungu ambalo mimi, kwa pupa yangu, ningelimaliza kwenye mawili.

Nyumbani akachambua makavu, akasuuza yaliyobaki kwenye beseni, akayagawa. Nusu aliyakatakata na kuyatandaza kwenye ungo, chini ya upenu. Si juani. Harufu ile inayofanana na ya limau imo kwenye mafuta mepesi yanayoruka upesi, na jua huyamaliza. Kila alipopita aliyageuza kwa ncha za vidole. Nusu nyingine aliikunja na kuifunga fundo kwa jani lake lenyewe.

Maji yalipochemka akaongeza kipande cha mdalasini wa shamba lake, gome lililojikunja lenyewe lilipokuwa likikauka. Ni gumu, kwa hiyo akaliacha lichemke peke yake kwanza. Halafu akaipua sufuria kutoka mafigani, akatumbukiza fundo, akafunika na kuweka jiwe dogo juu ya kifuniko. Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu: tunachemsha majani mpaka yanageuka kahawia, mvuke umejaa jikoni, kikombeni hamna kitu. Hata kamomili, ua ambalo watu wa Ulaya hulinywa jioni ili walale, hutaka maji ya moto na mfuniko.

Nilinyoosha mkono kufunua. Akanizuia taratibu.

"Bado kidogo, mwanangu."

Chai hii humpa mjukuu wake tumbo likijaa gesi, naye hunywa mwenyewe usingizi ukimkimbia. Haipi sifa isiyo yake. Homa, anasema, ni ya zahanati, na mtoto mchanga ni wa ziwa la mama yake. Asali huiweka kwa aliyevuka mwaka tu, na hilo ndilo hata madaktari wanalolisisitiza.

Alipofunua, maji yalikuwa na rangi ya majani machanga ya mgomba. Akachuja, akammiminia mjukuu kikombe cha bati, akaipoza chai kwa kuihamishia kwenye kingine, mara tatu. Fundo lililotumika akalifungua, akarudi nalo shambani, akayatandaza majani chini ya mashina aliyoyakata asubuhi.