Kurai, Kuridhisha na Kuhesabu Kura: Tahakiki ya Dhana ya Ushawishi wa Rais kwa Wabunge kwa Kurejelea Mswada wa Haki za Kiraia wa Marekani, 1964

Tahakiki nyingi za hotuba za viongozi zinazoandikwa kwa Kiswahili huanzia jukwaani na kuishia papo hapo. Mhakiki huichukua hotuba, huainisha takriri, tashbiha na maswali ya balagha yaliyomo, kisha huhitimisha kwamba kwa mbinu hizo kiongozi aliwashawishi wasikilizaji wake. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo yenye mushkeli, kwa kuwa kuwepo kwa takriri katika matini si ushahidi kwamba kuna mtu aliyebadili msimamo. Mtafiti anakiri kwamba pendekezo la awali la kazi hii lilikuwa na kasoro iyo hiyo. Sehemu hii inaijaribu hoja hiyo kwa kisa ambacho kura zake zilihesabiwa na kuwekwa katika kumbukumbu: namna Rais Lyndon Johnson wa Marekani alivyolipitisha Bungeni suala la haki za kiraia.

Mjadala wa kitaaluma kuhusu jambo hili hurejea mara nyingi kwa Richard Neustadt, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1960 alidai kwamba mamlaka ya rais wa Marekani ni uwezo wa kuwashawishi wengine, na kwamba kutoa amri ni dalili ya ushawishi kushindwa. Tukiitafsiri hoja hiyo kwa kitenzi "kushawishi", tunaipotosha kidogo. Katika Kiswahili, shetani hushawishi, na mchuuzi hushawishi; kitenzi hicho kina harufu ya mtego. "Kurai" ni jambo jingine: anayerai hutumia maneno ya upole na, kwa kufanya hivyo, anakiri kwamba hana amri juu ya anayeraiwa. "Kuridhisha" ni la tatu, nalo hubeba matokeo yake ndani mwake, kwani aliyeridhishwa ameridhia. Neustadt alikuwa akizungumzia zaidi kuridhisha, yaani kumfanya mbunge aone kwamba anachokitaka rais ndicho kinachotakiwa pia na wajibu na maslahi yake mwenyewe. Tofauti hii si ya kuchezea maneno. Kila kitenzi humwelekeza mtafiti kwenye ushahidi tofauti.

Tarehe 27 Novemba 1963, siku tano baada ya kuuawa kwa John Kennedy, Johnson aliwahutubia wabunge wa mabaraza yote mawili. Aliwaeleza kwamba hakuna tanzia ambayo ingemuenzi marehemu kuliko kuupitisha mapema mswada wa haki za kiraia. Kibalagha, hotuba ile ni nzito: msiba unageuzwa kuwa deni, na wasikilizaji wanageuzwa kuwa wadaiwa. Lakini je, ilimwondoa nani upande mmoja na kumpeleka wa pili? Maseneta wa Kusini, wakiongozwa na Richard Russell wa Georgia aliyekuwa mlezi wa kisiasa wa Johnson, hawakutikisika. Katika Baraza la Wawakilishi, mswada ulikuwa umekwama mikononi mwa Howard Smith wa Virginia, mwenyekiti wa Kamati ya Kanuni, na kilichomlegeza ni ombi la kuutoa mswada kamatini ambalo wabunge walikuwa wakilitia saini. Kwa maoni ya mtafiti, hotuba ile ilifanya kazi nyingine: ilimfunga msemaji. Mtu wa Texas, ambaye watetezi wa haki za kiraia walikuwa na sababu ya kumtilia shaka, alikuwa amejiapiza mbele ya taifa na asingeweza tena kurudi nyuma bila fedheha.

Baraza la Wawakilishi liliupitisha mswada tarehe 10 Februari 1964 kwa kura 290 dhidi ya 130. Kazi halisi ilikuwa Seneti, ambako wapinzani walianza kuukwamisha kwa hotuba zisizokwisha. Kuufunga mjadala kulihitaji theluthi mbili ya kura. Chama cha Democratic kilikuwa na viti 67, lakini wengi wa maseneta wake wa Kusini walikuwa ndio wapinzani wenyewe. Kwa hiyo ufunguo ulikuwa kwa Everett Dirksen wa Illinois, kiongozi wa Warepublikani. Hapa ndipo kurai kunapoonekana kwa uwazi zaidi. Johnson, aliyekuwa amewaongoza maseneta wa chama chake kwa miaka minane kabla ya kuwa makamu wa rais, alimwagiza Hubert Humphrey asichoke kukaa na Dirksen, amsikilize, na amwachie sehemu ya sifa. Dirksen alipewa nafasi ya kurekebisha vifungu, na marekebisho yale yakawapa wenzake njia ya kuunga mkono mswada bila kuonekana wamesalimu amri kwa rais wa chama kingine. Tarehe 10 Juni mjadala ulifungwa kwa kura 71 dhidi ya 29. Wademokrati 23 walipinga. Warepublikani 27 waliunga mkono. Rais alikuwa ameshindwa kuwarai theluthi moja ya watu wa nyumba yake, akawaridhisha jirani. Alitia saini sheria hiyo tarehe 2 Julai.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumsifu fundi. Simulizi nyingi kuhusu Johnson hufanya hivyo, hasa zile zinazopenda picha za mwili wake mrefu ukimwinamia mtu aliyebanwa ukutani. Mwaka 1966 unazitia dosari. Johnson alikuwa yuleyule, na simu yake ileile. Dirksen alikuwa bado kiongozi wa Warepublikani. Mswada mpya wa haki za kiraia, uliogusa ubaguzi katika makazi, ulipita Baraza la Wawakilishi ukafia Seneti, Dirksen akiwa miongoni mwa waliokataa. Sheria ya makazi ilipatikana Aprili 1968, baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, na safari hiyo Dirksen aliunga mkono. George Edwards amekwishadai kwamba uongozi wa rais hutenda kazi pembezoni tu, penye kura chache zinazoyumba. Kisa hiki kinamuunga mkono, ingawa kinadokeza pia kwamba pembezoni pale ndipo mswada huamuliwa kuishi au kufa.

Tahadhari inahitajika kabla ya kuihamishia hoja hii Dodoma. Rais wa Marekani hawezi kulivunja Bunge wala kumwondoa seneta kitini. Katiba ya Tanzania inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge katika mazingira maalumu, ikiwemo linapokataa bajeti ya Serikali. Mawaziri huteuliwa kutoka miongoni mwa wabunge. Na mbunge anayekoma kuwa mwanachama wa chama chake hupoteza kiti. Penye masharti hayo, maneno ya upole ya mkuu wa nchi hayasikiki kama maneno ya mtu asiye na amri. Kwa sababu hiyo, hotuba zitakazohakikiwa katika sura inayofuata zitasomwa sambamba na Hansadi za mijadala iliyofuata, na majedwali ya tamathali yaliyokuwa msingi wa pendekezo la awali yamehamishiwa kwenye kiambatisho.