Kitabu Kilichovaa Utu

Katika simulizi za fantasia, kitabu cha uchawi uliokatazwa huitwa kikaja kwa umbo la mtu. Mwandishi wa Mboghoni, Taita-Taveta, anayeiazima dhana hii hana budi kuipindua. Pwani, mganga wa kitabu hutegemea maandishi. Katika vilima vya Taita, siri za fighi, msitu mtakatifu usioingiwa ovyo, zilihifadhiwa vifuani mwa wazee. Huko, mtu ndiye kitabu. Aidha, Grace Harris (1978) alionyesha kwamba kiini cha dini ya Wataita ni kuitoa hasira moyoni, kwani hasira iliyofichwa huleta maafa. Kwa hiyo, hatari ya mhusika huyu haimo katika maneno aliyoyabeba, bali katika moyo aliopewa. Kitabu hufungwa, mwenye kinyongo hupatanishwa. Asiyeitambua tofauti hiyo ataumba jalada lenye miguu, wala si mhusika.