Amri, Mahakama na Ridhaa: Uhakiki wa Istilahi katika Hadithi za Wakili na Jeshi

Tangu Bunge lilipopitisha mjini Dodoma Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria za Tanzania na ya shughuli za mahakama, na Kiingereza kimeachiwa nafasi pale tu haki inapokihitaji. Kabla ya hapo Kiswahili kilitawala katika Mahakama za Mwanzo; lakini katika Mahakama Kuu shahidi kutoka Kondoa au Mpwapwa alisema kwa Kiswahili, na jaji akaandika kwa Kiingereza. Mabadiliko hayo yamewapa wafasiri kazi kubwa, nao wengi wamezielekeza nguvu zao kwenye maneno magumu ya kigeni. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba hatari kubwa zaidi imo katika maneno mepesi, yale ambayo kila mtu hudhani anayajua.

Ili kuyapima maneno hayo tumechagua aina moja ya masimulizi, yaani hadithi ya wakili anayekabiliana na wakubwa wa jeshi mahakamani. Hadithi hizo hutufikia kwa njia ya filamu zinazofasiriwa, kwa riwaya, na zaidi ya yote kwa habari za kesi za kweli magazetini na redioni. Zinafaa kwa kipimo chetu kwa sababu msisimko wake hautokani na risasi. Hutokana na swali la kisheria: je, mtu huyu alikuwa na haki ya kuamuru alichokiamuru? Mfasiri akilikosea neno hapo, msomaji hubaki na watu wanaogombana tu, asijue wanagombania nini.

Mfano unaojulikana ulimwenguni ni tamthilia ya Mmarekani Aaron Sorkin, *A Few Good Men*, iliyoonyeshwa New York mwaka 1989 na kufanywa filamu mwaka 1992. Askari wawili wanashtakiwa kwa kumuua mwenzao katika kambi ya Guantanamo. Wao wanasema waliagizwa kumpa adhabu ya kificho. Wakili wao, luteni kijana, anamhoji kanali mkuu wa kambi. Kanali anajigamba kwamba amri zake hutiiwa daima. Anasema pia kwamba aliamuru askari yule asiguswe, na kwamba alikuwa anahamishwa kwa usalama wake. Ndipo wakili anapouliza: ikiwa amri zako hutiiwa daima, na uliamuru asiguswe, alikuwa katika hatari gani hata ahamishwe? Kesi nzima inageuka hapo. Mwishoni askari wale wanaondolewa hatia ya mauaji, lakini wanafukuzwa jeshini kwa mwenendo usiostahili. Kutii hakukuwatakasa kabisa, kwani wajibu wao ulikuwa kumlinda mnyonge.

Tutazame sasa jinsi Kiswahili kinavyoubeba mgogoro huo. Neno *amri* kwetu ni zito. Tunazo Amri Kumi. Mtu akifariki tunasema ni amri ya Mungu. Na kutokana na mzizi huohuo wa Kiarabu tumepata *amiri*, ambaye katika Katiba yetu ni Amiri Jeshi Mkuu. Katika matumizi ya kila siku, amri ni kauli isiyohojiwa. Hivyo basi istilahi *amri halali*, ambayo ndiyo msingi wa sheria za majeshi mengi ulimwenguni, husikika masikioni mwa Mswahili kama maneno mawili yanayosema jambo moja. Mfasiri mwenye haraka huliona neno *halali* kuwa ni pambo, akalifuta. Aandikapo kwamba askari hutakiwa kutii amri, amekwisha kuihukumu kesi. Sheria haikusema hivyo. Ilisema kwamba askari hutakiwa kutii amri halali. Wakili wa utetezi husimama juu ya kivumishi hicho kimoja, na kikiondolewa hana mahali pa kusimama.

Wasomaji wasidhani kwamba jambo hili ni la kambi za Marekani tu. Uwanda wa kati wa nchi yetu una historia yake ya neno hili. Mwaka 1971 wananchi wengi wa Ugogo walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa chini ya Operesheni Dodoma. Neno *operesheni* lenyewe lilitoka katika msamiati wa jeshi na kuingia katika utawala wa kiraia, likabaki humo. Kisha mnamo Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekamilika ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Hatujadili hapa ubaya au uzuri wa siasa hiyo. Tunalotaka kulionyesha ni la lugha. Neno *amri* lilipotamkwa, wananchi na watumishi wengi hawakuuliza ni sheria ipi iliyoipa nguvu, maana neno lenyewe halikualika swali hilo. Mashauri ya ardhi yaliyotokana na uhamisho huo yaliendelea kusikilizwa mahakamani miaka mingi baadaye, na humo ndimo swali la uhalali lilipoulizwa.

Neno la pili ni *mahakama*. Habari za Uganda za mwaka 2025 zinatupa mfano wa karibu sana na hadithi tunazozizungumzia. Tarehe 7 Januari wakili Eron Kiiza, aliyefika kumtetea mwanasiasa Kizza Besigye mbele ya mahakama ya kijeshi mjini Kampala, alihukumiwa na mahakama hiyo kifungo cha miezi tisa kwa kosa la kuidharau. Aprili akaachiwa kwa dhamana iliyotolewa na Mahakama Kuu. Tarehe 31 Januari Mahakama ya Juu ya Uganda, katika shauri lililoanzishwa na aliyekuwa mbunge, Michael Kabaziguruka, iliamua kwamba kuwashtaki raia mbele ya mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba, na kwamba mahakama hizo hazikuwa na kinga za kutosha za uhuru na kutopendelea. Mwezi Juni sheria mpya ikarudisha uwezekano wa kuwashtaki raia huko katika hali zilizotajwa.

Msimulizi wa habari hizo kwa Kiswahili ana mtego mbele yake. Akiisha kuandika *mahakama ya kijeshi* mara moja, kwa kufupisha huandika *mahakama* peke yake katika aya zinazofuata. Msomaji anasoma kwamba mahakama ilimfunga wakili, kisha kwamba mahakama ilimwachia, kisha kwamba mahakama iliikosoa mahakama, asijue ni ipi. Tena kuna hasara kubwa kuliko utata huo. *Mahakama* ni ndugu wa *hukumu*, *hakimu* na *hekima*. Neno hilo huleta picha ya mtu anayepima hoja pande zote mbili akiwa huru. Wajumbe wa mahakama ya kijeshi ni maofisa walio chini ya wakubwa wao kwa amri. Je, aliye chini ya amri aweza kuhukumu kwa uhuru? Hilo ndilo lililobishaniwa. Kwa kulifuta neno *kijeshi* mwandishi huiazima mahakama hiyo heshima ambayo uhalali wake ulikuwa bado ukipimwa. Wako wanaopendekeza iitwe *baraza la kijeshi*. Hatukubaliani nao, kwa sababu sheria zenyewe zimeipa jina na nguvu za mahakama, wala mfasiri hana mamlaka ya kumvua mtu cheo alichopewa na sheria. Wajibu wake ni kulitaja jina zima kila mara.

Hapa ni mahali pa kutaja pia maneno ambayo hutumiwa ovyo kila jeshi na mahakama vinapokutana: *maasi*, *uasi* na *uhaini*. Kuasi ni kukataa kutii. Kwa hiyo tendo la askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Januari 1964, huitwa kwa haki *maasi*: askari walikataa amri za maofisa wao. *Uhaini* ni jambo jingine. Ni kuvunja uaminifu mtu anaowiwa na nchi yake, na aweza kushtakiwa kwa uhaini hata raia asiyewahi kushika bunduki. Katika kesi ya mwaka 1970, na tena katika ile iliyosikilizwa mwaka 1985 kuhusu njama ya kuipindua Serikali, wanajeshi na raia walisimama kizimbani pamoja, mbele ya Mahakama Kuu, kwa shtaka la uhaini. Katika kesi ya pili watu tisa walihukumiwa kifungo cha maisha. Mwandishi akiwaita washtakiwa wa 1985 *waasi*, huihamisha kesi kutoka Mahakama Kuu na kuirudisha kambini, mahali ambapo swali pekee ni nani alimtii nani.

Neno la tatu ni *ridhaa*, nalo lina historia yake hapahapa Dodoma. Chini ya Sheria ya Mashauri ya Serikali ya mwaka 1967, mwananchi hakuweza kuishtaki Serikali pasipo kupata kwanza kibali chake. Wanasheria walikiita kibali hicho kwa neno la Kilatini, *fiat*, lenye maana ya "na iwe". Kwa hakika hiyo ni sauti ya amri. Katika Kiswahili tuliita *ridhaa*, neno la upole, la watu wanaokubaliana, kama mzazi aridhiavyo posa. Basi ikawa kwamba mtu anayelalamika kuonewa aliambiwa akamwombe ridhaa yule anayemlalamikia, na neno halikuonyesha ajabu iliyokuwamo. Jaji James Mwalusanya, katika hukumu ya Mahakama Kuu Dodoma iliyomo katika ripoti za sheria za mwaka 1993, aliamua kwamba sharti hilo linapingana na Katiba. Mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ilifikia uamuzi kama huo katika shauri la Kukutia Ole Pumbun. Mwaka 1994 sheria ikarekebishwa, na mahali pa ridhaa pakawekwa notisi ya siku tisini. Tazama tofauti: anayeomba ridhaa yuko chini, anayetoa notisi amesimama sawa na mwenzake.

Wengine watasema kwamba msomaji wa riwaya au wa gazeti hahitaji uangalifu wote huu, na kwamba istilahi ndefu huipunguzia hadithi mwendo. Hoja hiyo ina uzito, maana hakuna apendaye kusoma hadithi iliyoandikwa kama hati ya mashtaka. Lakini tumekwisha kuona katika mfano wa Guantanamo kwamba mwendo wa hadithi ya namna hii unatokana na maneno hayohayo. Swali la wakili kwa kanali ni fupi, na linaumiza kwa sababu kila neno limewekwa mahali pake. Isitoshe, raia wengi hawajapata kuisoma Sheria ya Ulinzi wa Taifa wala hawataisoma. Dhana yao ya amri na ya mahakama huijenga kutokana na filamu, riwaya na taarifa za habari. Siku mmoja wao atakapoitwa kutoa ushahidi, au atakapopewa ofisini agizo la mdomo lisilo na saini, atakuwa na maneno yale tu tuliyompa.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo manne. Kwanza, *amri halali* ihesabiwe kuwa istilahi moja isiyogawanyika, na kinyume chake kiwe *amri batili*, hata kama masikio yetu hayajaizoea. Pili, *agizo* litumike kwa maelekezo ya kazi ya kila siku. *Amri* iachiwe kauli yenye adhabu nyuma yake. Na pale mahakama inapomzuia mtu kutenda jambo, litumike neno *zuio*, ili amri ya jaji isichanganywe na ya kamanda. Tatu, *mahakama ya kijeshi* isifupishwe, na *uasi* usiandikwe mahali pa *uhaini*. Nne, waalimu wa Kiswahili na wa uraia wawape wanafunzi habari za kesi wazisome, wakitafuta katika kila sentensi ni nani aliyeamuru na kwa sheria ipi.

Pendekezo hili la mwisho ndilo tunalolithamini kuliko yote. Istilahi zaweza kutungwa na kusanifiwa, zikachapishwa na kusambazwa katika ofisi zote za Mtumba. Lakini kama watu hawana mazoea ya kuuliza swali ambalo istilahi iliundwa kulijibu, neno hubaki kwenye orodha. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza kama amri ni halali hatahitaji kufundishwa maana ya *halali* mara ya pili.